Taa za VSC na ABS zinawaka tangu nibadilishe beringi: nimwamini fundi yupi?

Swali: "Fundi, salamu. Nina Toyota RAV4 ya mwaka 2007, niko Mbarara. Mwezi uliopita beringi ya mbele kushoto ilikuwa inavuma, ikabadilishwa, na siku hiyohiyo wakafanya alaimenti (kunyoosha magurudumu). Tangu hapo, nikitembea dakika kama kumi, hasa kwenye moramu (barabara ya changarawe nyekundu), inawaka taa ya VSC, ya ABS (ile inayozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) na ile ya gari linaloteleza. Nikizima gari na kuliwasha upya zinapotea, halafu zinarudi. Tena nikikaribia kusimama, pedali ya breki inatetemeka na kukoroma, hata kwenye lami kavu. Fundi wa kwanza alipima kwa kile kidude cha Bluetooth kinachoongea na simu, akasema hakuna kodi yoyote (namba ya hitilafu), kwa hiyo pampu ya ABS imekufa. Wa pili anasema ni sensa ya usukani, imevurugwa na alaimenti. Wa tatu anataka kutoa balbu za hizo taa ili nisahau. Kila mwezi naenda Kisoro kwa biashara. Nimwamini nani? Na je, naweza kusafiri nalo hivi?"

Jibu: Salamu zimefika, ndugu yangu. Huyo wa tatu mwache kabisa. Wa kwanza ametumia kifaa kisichofika mahali penye tatizo. Wa pili amekisia jambo linalowezekana, ila dalili ulizoandika hazimuungi mkono. Mimi naanzia gurudumu la mbele kushoto, na sitoki hapo mpaka lithibitike kwamba halina kosa.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya mfumo wenyewe, maana bila hilo kila fundi atakuuzia kifaa anachokipenda. VSC ni kompyuta inayolinganisha mambo mawili muda wote: dereva anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi kweli. La kwanza inalijua kwa sensa ya pembe ya usukani, iliyo kwenye nguzo ya usukani, ikijumlisha na mwendo wa magurudumu. La pili inalijua kwa kijisanduku kilichofungwa sakafuni katikati ya gari, chini ya konsoli, kinachohisi gari linavyogeuka na linavyovutwa upande. Mambo hayo mawili yakitofautiana, tuseme umekata kona ya moramu na tako la gari linataka kutangulia, kompyuta inapunguza nguvu ya injini na kufunga breki ya gurudumu moja tu, kwa kawaida la mbele upande wa nje wa kona. Gari likigoma kukata kona na kuteleza mbele moja kwa moja, hufungwa la nyuma upande wa ndani. Dereva hawezi kufanya hivyo kwa mguu wake, kwa sababu pedali ni moja na inafunga yote manne.

Ili kazi hiyo ifanyike, lazima mwendo wa kila gurudumu ujulikane peke yake, na hapo VSC na ABS zinatumia sensa zilezile nne. Ndiyo sababu sensa moja ya gurudumu ikikosea, taa tatu zinawaka kwa mpigo. Watu wakiona taa tatu hudhani vitu vitatu vimekufa, kumbe kimoja kinatosha. Sensa ya usukani ikiharibika, mara nyingi VSC huzimwa lakini ABS inaendelea na kazi yake, na taa ya ABS haiwaki. Kwako inawaka. Hilo peke yake halimalizi ubishi, ila limeshampunguzia nguvu fundi wa pili.

Dalili yenye uzito zaidi kwangu ni pedali. Pedali kutetemeka na kukoroma maana yake ABS iko kazini: vali zinafunguka na kufunga, pampu inarudisha mafuta ya breki. Kwenye lami kavu, ukisimama taratibu, haina sababu ya kuamka, isipokuwa kompyuta imeamini kwamba gurudumu moja limekwama wakati mengine bado yanazunguka. Itaamini hivyo pale ishara ya gurudumu moja inapokatika huku mengine matatu yakisema bado tuko kilomita 10 kwa saa. Sensa ya usukani haiwezi kuleta jambo hilo. Pampu iliyokufa nayo haiwezi, kwa kuwa pampu unayoisikia ikikoroma ni pampu iliyo hai. Mafundi wote wawili wangemaliza ubishi kama wangekaa kwenye gari lako dakika tano na kulisimamisha taratibu mara chache.

Sasa tuje kwenye beringi, maana hapa ndipo pesa nyingi za wenye magari zinapopotea. Kwenye magari ya zamani ringi ya meno ya chuma ilionekana kwa macho, kwenye shafti au habu, na sensa ilikuwa sumaku yenye koili ndani. Kwenye magari ya umri wa lako, mara nyingi meno hayo hayapo. Badala yake sili ya upande mmoja wa beringi imetengenezwa kwa mpira wenye unga wa sumaku, ncha za kaskazini na kusini zikipishana kuzunguka duara lote, na sensa imekaa karibu kabisa nayo ikihesabu ncha zinavyopita. Ukiitazama ni sili ya kawaida, nyeusi au ya kahawia. Hakuna kitu juu yake kinachomwonya fundi kwamba ameshika sehemu ya umeme.

Kwa hiyo kuna njia kadhaa za kuiharibu kwa nia njema. Beringi za saizi ileile huuzwa zenye sumaku na zisizo na sumaku, na muuza spea, awe soko la Kisekka kule Kampala au hapo Mbarara, anaangalia kipenyo tu. Nyingine ni kuibana kinyume, upande wa sumaku ukatazama nje na sensa ikabaki inatazama chuma kitupu. Katika hali hizo mbili ishara haipatikani kabisa, na taa huwaka katika kila safari punde gari likianza kutembea, bila kusubiri dakika kumi wala moramu. Zako zinachelewa na zinapotea ukizima gari. Ndiyo maana naegemea zaidi aina ya tatu: beringi ni sahihi na imekaa upande sahihi, lakini ilipigwa nyundo badala ya kubanwa kwa presi, au sili ilikwaruzwa na bisibisi, na sehemu ndogo ya ile duara ya sumaku imefutika. Kila mzunguko wa gurudumu kuna pengo. Ukienda kasi pengo linapita upesi na kompyuta inalivumilia kwa muda. Ukienda polepole linaonekana kama gurudumu limesimama.

Aina ya nne ni sensa yenyewe, iliyoumizwa siku hiyohiyo. Beringi haiwezi kutolewa vizuri bila kuitoa sensa kwanza, na sensa iliyokaa miaka kwenye kutu haitoki kwa kubembelezwa. Fundi anaizungusha na koleo, kichwa cha plastiki kinapata ufa, au anairudisha juu ya kutu ileile na haikai sawasawa, ncha ikabaki mbali na sumaku kwa umbali mdogo ambao jicho halioni. Au sensa ni nzima, lakini waya wake haukurudishwa kwenye vishikio vyake kando ya shokapu. Kila ukikata usukani au ukiingia shimo, unavutwa. Moramu itaonyesha kosa hilo haraka kuliko lami.

Kuhusu kidude cha Bluetooth: kinasoma kompyuta ya injini, ambayo kodi zake huanza na herufi P. Kodi za breki na chasisi huanza na C, ziko kwenye kompyuta nyingine, na vidude hivyo vya bei rahisi pamoja na programu zake za bure kwa kawaida havifiki huko. Aliposema hakuna kodi, alikuwa sahihi kuhusu injini. Kutoka hapo kurukia pampu ya ABS ni sawa na kupima mkojo kisha kutangaza kwamba mguu umevunjika.

Tafuta gereji yenye mashine inayoingia kwenye ABS na VSC, na umuulize fundi swali hilo kabla hajachomeka chochote. Kwenye Toyota, C0200 inahusu sensa ya gurudumu la mbele kulia, C0205 la mbele kushoto, C0210 la nyuma kulia na C0215 la nyuma kushoto. Ukipata C1236, kompyuta inalalamika kwamba ishara ya mbele kushoto ipo lakini ni chafu, kana kwamba kuna kitu kimeganda kwenye ncha ya sensa. C1235 ni hiyohiyo kwa upande wa kulia. C1231 ni sensa ya usukani, na C1234 ni kile kijisanduku cha sakafuni. Zote ziandikwe kwenye karatasi au zipigwe picha kabla ya kufutwa. Fundi anayefuta kwanza na kuuliza baadaye anakufutia ushahidi.

Kama mashine haipatikani, Toyota nyingi za umri huo zina njia ya zamani. Gari likiwa limezimwa, kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya dashibodi unaunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, kisha unazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya ABS itamweka kwa mafungu, na unahesabu: 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Taa nyingine za dashibodi nazo zinaweza kumweka, usishtuke. Ila tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja. Kama macho yako hayana uhakika wa namba, kazi hiyo mwachie anayeijua.

Tuseme imetoka C0205. Hapo wengi hukimbilia dukani kununua sensa, nami nakuomba usikimbie. Kodi hiyo inasema habari za mbele kushoto hazifiki au hazieleweki, basi. Habari hizo zinaanzia kwenye duara ya sumaku, zinapita kwenye sensa, zinapanda na waya, zinapita kwenye plagi moja au mbili na kuingia kwenye kompyuta, na kosa linaweza kuwa popote katika njia hiyo. Sensa ni kituo kimoja tu, ingawa ndicho kinachouzwa dukani.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni kutazama mwendo wa magurudumu manne kwa wakati mmoja kwenye mashine, gari likitembea. Wewe endesha, mtu mwingine ashike mashine. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu. Ukiwa kilomita 40 kwa saa namba zote nne zinatakiwa kukaribiana, tofauti ya kilomita moja au mbili isikusumbue, na kwenye kona namba ya gurudumu la nje lazima izidi ya la ndani. Kisha acha gari lipungue, funga breki kwa upole kutoka 30 hadi kusimama, na mwenzako mwenye mashine asitoe macho kwenye zile namba. Namba ya mbele kushoto ikianguka sifuri wakati nyingine bado zinasoma 8 au 10, na pedali ikakoroma sekunde hiyohiyo, mmeshaipata.

Usiishie hapo, tazama inaangukaje. Ikikatika kwa mpigo ulio sawa, tap, tap, tap, ukifuatana na mzunguko wa tairi, kosa liko kwenye duara ya sumaku, yaani beringi. Ikikatika ovyo, mara kwenye shimo, mara ukikata usukani hadi mwisho, mara isikatike kabisa, mfuate waya na plagi. Ikipungua nguvu polepole na kupotea kila ukishuka chini ya mwendo fulani, mwanya kati ya ncha na sumaku umekuwa mkubwa: kutu chini ya sensa, au sensa haikukaa. Mashine inayochora mistari inaonyesha haya vizuri kuliko inayotoa namba tu. Tofauti hii ndiyo inayoamua kama utanunua sensa, utanunua beringi, au utalipia kazi ya kusafisha peke yake.

Ukitaka kupima gari likiwa limesimama, weka vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, inua la mbele kushoto kwa jeki na stendi, gia iwe huru, ufunguo uwashwe bila injini, kisha zungusha tairi kwa mkono huku mwenzako akisoma mashine. Sensa za kisasa zinasoma hata mzunguko wa polepole. Linganisha na la kulia. Kosa moja nawasihi msilifanye: kuwasha injini na kutia gia gurudumu moja likiwa juu. Kama RAV4 yako ni ile inayovuta kwa magurudumu yote, inaweza kuruka kutoka kwenye jeki.

Mita ya umeme nayo ina mahali pake, lakini iwe mahali sahihi. Zile sensa za zamani zenye koili unazipima omu (ukinzani wa umeme), na nzima nyingi zinasoma kati ya 800 na 2,500 hivi. Sensa za kisasa zinazolishwa umeme na kompyuta hazipimwi hivyo. Namba utakayopata haina maana, na mita zenyewe zinaweza kuziumiza. Hizo unachomoa plagi, unawasha ufunguo, unapima upande wa waya unaotoka kwenye kompyuta: lazima pawe na volti za kulisha sensa. Pakiwa na sifuri, sensa haina hatia, tafuta waya uliokatika. Kagua hasa pale waya unapojikunja karibu na shokapu, kwani unaweza kukatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima. Na ukikuta maungio yaliyosokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu nyeusi, hapo usiendelee kutafuta mbali. Mvua moja inatosha kuyaozesha. Yalehemiwe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira wa kubana kwa joto.

Ndipo ifike zamu ya kufungua. Sensa itolewe kwa kuishika mwilini, kamwe isivutwe kwa waya wake. Ncha yake iangaliwe: chembe za chuma kutoka kwenye diski za breki hushika pale penye sumaku na kujenga ndevu. Zipanguswe kwa kitambaa. Tundu lake lisuguliwe kwa msasa mpaka kutu iishe, lipakwe grisi kidogo pembeni, na ncha ibaki safi. Kisha mtie tochi kwenye tundu hilo, mtu azungushe gurudumu taratibu, mtazame sili ya beringi duara zima. Ukiona mkwaruzo, kibonyeo au mahali mpira umebanduka, jibu mnalo. Kama hamuoni kitu kabisa, ning'iniza pini ndogo kwa uzi ndani ya tundu hilo mwone kama inavutwa. Beringi isiyo na sumaku upande huo haitaivuta.

Ikithibitika ni beringi, hakuna dawa nyingine ila kubadilisha tena, na safari hii kwa presi. Gereji iliyofanya kazi ya kwanza ina deni kwako; nenda na matokeo ya kipimo, siyo na hasira. Hakikisha unaishika beringi mpya mkononi kabla haijabanwa: gusisha pini pande zote mbili, tia alama ya chaki upande unaovuta, na upande huo utazame ndani ya gari inakokaa sensa. Beringi hizo zisiwekwe juu ya sumaku wala juu ya meza yenye vumbi la chuma.

Nimemsema sana fundi wa pili, basi nimpe haki yake. Alaimenti inaweza kweli kuacha usukani umepinda, na kompyuta ikaamini unakata kona wakati umenyoosha. Dalili yake ni nyingine: VSC inaingilia kwenye kona nyepesi, unahisi gari linashikwa upande mmoja na injini inakosa nguvu. Kupima dai lake ni dakika moja. Gari likienda moja kwa moja, mashine isome pembe ya usukani karibu na sifuri. Ukikata hadi mwisho kushoto na kulia, namba zikaribiane, alama ya kuongeza na kutoa tu ndiyo ibadilike. Ikisoma nyuzi 10 wakati umenyoosha, rudi kwenye alaimenti kwanza kabla hujanunua sensa ya usukani.

Kile kijisanduku cha sakafuni pia kina kipimo rahisi. Gari likiwa limesimama mahali tambarare kisome karibu sifuri. Kisha kwenye uwanja mtupu zunguka duara kamili kwa mwendo mmoja. Ukitumia sekunde 20, nyuzi 360 gawanya kwa 20 ni 18, kwa hiyo mashine ionyeshe kama nyuzi 18 kwa sekunde. Ukizunguka upande mwingine, iwe 18 ya alama nyingine. Kikisoma kitu kimoja muda wote, kimekufa au hakina umeme. Adui wake mkubwa kwetu ni maji. Sehemu za kuoshea magari humwaga maji ndani kuondoa vumbi la moramu, zulia linakauka juu, na chini plagi inabaki imelowa wiki nzima. Adui wa pili ni fundi wa redio anayefungua konsoli na kukirudisha kimelala upande. Lazima kikae bapa na kielekee kilivyoelekea mwanzo, maana hakijui kwamba ni chenyewe kilichopinda.

Kuna mengine madogo ya kuyaondoa njiani. Kama taa ya injini nayo inawaka, shughulika nayo kwanza. Kwenye Toyota hitilafu ya injini huzima VSC na kuacha kodi C1201, ambayo haina uhusiano na breki kabisa. Betri ipimwe: injini ikiwa imezimwa karibu volti 12.6, ikiwa imewaka 13.5 hadi 14.5. Matairi yawe saizi moja yote manne na uchakavu unaokaribiana, kwa sababu tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi na kompyuta inaliona kama linakimbia. Na taa za breki za nyuma ziwake, kwani swichi ya pedali ni sehemu ya mfumo huu pia.

Pampu ipewe lawama wakati wake ukifika. Kodi za mota yake na relei zake zipo, kama C0273 na C1251, na hata hizo huanza na kukagua fyuzi na waya wa ardhini. Bila kodi ya aina hiyo, anayetaka kubadilisha pampu mwambie aandike kwanza kwamba taa zisipozima anarudisha pesa.

Huyu wa balbu sasa. Ukiwasha ufunguo, taa za ABS na VSC lazima ziwake sekunde chache kisha zizime. Ndivyo mfumo unavyojikagua mbele yako. Gari ambalo taa hizo haziwaki hata mara moja huenda limeshafanyiwa mchezo huo, nawe unaponunua gari lililotumika liangalie hilo kabla ya rangi. Zaidi ya hapo, balbu ikitolewa hutajua siku ambayo hitilafu ya pili imeongezeka.

Safari ya Kisoro. Taa za njano za VSC na ABS peke yake hazizuii breki za kawaida. Mafuta yanasukumwa na mguu wako kama gari la zamani. Unachopoteza ni msaada wa dharura, magurudumu yanaweza kukwama ukikanyaga kwa nguvu kwenye tope. Lakini wewe una tatizo la ziada: ABS inayoamka bila sababu inaachia breki ya gurudumu hilo, na gari linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Mteremko wa Kanaba kwenye njia ya Kisoro, ukungu wa asubuhi wa Kigezi na mvua ya msimu si mahali pa kujaribu hilo. Ningeahirisha safari moja, au ningekwenda kwa usafiri mwingine. Kama lazima gari lifike gereji tu, kuchomoa plagi ya ile sensa mbaya hufanya mfumo ujizime kabisa, pedali ikaacha kukoroma. Endesha polepole na uache nafasi kubwa mbele. Ikiwaka na taa nyekundu ya breki pamoja na ya ABS, usiende popote. Angalia kiwango cha mafuta ya breki, na ujue kwamba ule mgao wa breki kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa haupo tena, magurudumu ya nyuma yakakwama kwanza na gari likageuka.

Kazi ikiisha, kodi zifutwe, gari liegeshwe tambarare bila mtu kuligusa, na mashine ifanye zoezi la kuweka sifuri ikiwa sensa ya sakafuni au kompyuta imeguswa. Ukiona C1210 au C1336 baada ya ukarabati, ni zoezi hilo ambalo halijafanyika. Kisha rudieni barabara ileile: 40, kushuka hadi kusimama, mara kadhaa, halafu nusu saa ya moramu, kwa kuwa hitilafu yako ilikuwa inasubiri dakika kumi. Niandikie kodi zilizotoka na jinsi namba ya mbele kushoto ilivyoanguka, kwa mpigo au ovyo.